Jina adimu la Yorkshire lafichua babu wa Kiafrika

Jina moja la ukoo lililo adimu sana nchini Uingereza, lenye mizizi mashariki mwa Yorkshire, liliwapa wanasayansi ushahidi wa kwanza wa vinasaba kwamba wapo Waingereza wa asili wenye babu wa Kiafrika.

Utafiti huo, uliofanywa na Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester pamoja na wenzao, ulichapishwa mwaka 2007. Ulianza baada ya Mwingereza mmoja mweupe, asiyejua kuwa na asili yoyote ya Afrika, kukutwa na kromosomu Y ya aina ya A1. Aina hiyo, ambayo haikuwa imewahi kuripotiwa Ulaya Magharibi, ilifanana na zile za Afrika Magharibi.

Nchini Uingereza mtoto hupewa jina la ukoo la baba yake, na mtoto wa kiume hurithi pia kromosomu Y kutoka kwa baba. Jina kama Smith, yaani mhunzi, lilitwaliwa na watu wengi wasio na undugu. Jina adimu, kinyume chake, huweza kuwa limetokana na mtu mmoja tu.

Watafiti waliwapima wanaume 18 wenye jina hilo, ambalo halikutajwa katika ripoti yao, na 7 kati yao wakakutwa na A1. Kumbukumbu za maandishi zilionyesha nasaba mbili zilizotokana na wazee walioishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Vinasaba vilidokeza kuwa nasaba hizo ziliungana vizazi vichache kabla ya hapo.

Waafrika wamekuwapo Uingereza tangu enzi za Warumi, na wengine walifikishwa huko na biashara ya utumwa, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807.

Mtu akihesabu vizazi vinane nyuma, ana nafasi 256 za mababu na mabibi. Ndiyo maana sura ya Mwafrika mmoja hupotea, ilhali kromosomu yake Y hudumu kwa wana wa wana. Watafiti walitahadharisha kuwa kromosomu hiyo pekee si kigezo cha kuaminika cha kutambua mtu ametoka wapi. Na kwa askari mpelelezi anayesaka mtuhumiwa, kukosea hapo ni kumsaka asiyehusika.