Picha za mazishi zilizojificha chini ya diski

Stima ya huku Marani ina tabia ya kupotea, kurudi, kupotea tena kabla hujamaliza kutafuta mshumaa. Usiku mmoja wa mwezi wa nne mwaka jana ilicheza hivyo mara tatu. Asubuhi kompyuta ya studio ilikuwa imejiwasha yenyewe, kila kitu sawa. Nikanywa chai.

Niseme kwanza mimi ni nani hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi nyumbani, na studio moja ya picha hapa sokoni ikanipa kazi ya kutunza mashine yao. Inatumia Linux na ina diski tatu: moja ya mfumo, moja ya picha za wateja, na ya tatu ya nje, ya akiba, yenye adapta yake ya umeme. Kila saa nane usiku skripti niliyoandika mwenyewe hunakili picha za siku hiyo kwenye akiba.

Wengi wenu mmezoea Windows, ambako kila diski ina herufi yake, C, D, E. Linux ina mti mmoja tu, unaoanzia kwenye mkwaju, yaani /. Diski yoyote lazima uipachike kwenye folda fulani ya mti huo ndiyo ionekane. Yangu ya akiba niliipachika kwenye folda ya /akiba. Ukiipachua, folda hiyo haiendi popote. Inabaki pale, tupu, ila sasa ni sehemu ya diski ya mfumo. Na inapokea faili bila kulalamika.

Orodha ya diski zote na mahali pa kupachika kila moja iko kwenye faili la /etc/fstab. Mashine ikiwaka huisoma na kuzipachika. Wewe mwenyewe ukiandika mount -a, inazipachika zote zilizomo kwa mkupuo. Kwenye mstari wa akiba nilikuwa nimeongeza neno nofail, maana yake diski hii isipopatikana, mashine iendelee kuwaka tu. Nilijiona mjanja. Usiku ule adapta haikuamka, na mashine ikafanya nilivyoiambia.

Kuanzia hapo skripti ilikuwa inajaza folda tupu, wiki baada ya wiki. Mwezi wa tano diski ya mfumo ikajaa pap. Nilifuta muvi kadhaa, ikapumua, nikaendelea na maisha. Hata sikuuliza imejazwa na nini. Hapo ndipo naona haya mpaka leo.

Mwezi wa sita diski ya picha ikafa. Siku hiyo hiyo akaja omong'ina mmoja kuulizia picha za mazishi ya mzee wake.

"Mwanangu, zile picha ziko tayari?"

"Mama, nipe dakika kidogo."

Nikagundua adapta imezima, nikaichomeka upya, nikaandika mount -a, nikafungua /akiba. Picha za mwisho zilikuwa za mwezi wa nne. Mazishi yalikuwa mwezi wa tano. Wasee, mikono iliniganda.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa kwamba diski ikipachikwa juu ya folda yenye vitu, vile vitu havifutiki. Vinafunikwa. Nikaandika umount /akiba (ndiyo, bila ile n ya kwanza, iko hivyo tangu mwongozo wa kwanza wa Unix wa 1971, huko Bell Labs Marekani). Ikanijibu target is busy, yaani kuna mtu anaitumia. Nikauliza kwa lsof ni nani, kumbe ni mimi, dirisha langu lilikuwa limesimama ndani ya folda ile ile. Nikatoka, nikapachua, nikaangalia tena.

Zilikuwepo, kuanzia usiku wa stima mpaka diski iliyokufa. Isipokuwa usiku mmoja: siku ya mazishi yale ndipo diski ya mfumo ilipojaa, katikati ya kunakili. Ibada na hotuba zote zipo. Kaburini hakuna hata moja, na skripti yangu hairudii ya jana.

Sasa inaanza kwa mountpoint -q /akiba, na diski isipokuwepo inaacha kazi na kunitumia ujumbe. Folda tupu yenyewe nimeifunga kwa chattr +i, hata root hawezi kuweka faili humo kama diski haijapachikwa.

Omong'ina nilimwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Alitazama zile za ibada moja moja, polepole, kisha akaniambia kuna mjukuu wake huko Nakuru alikuwa akipiga kwa simu siku ile. Alinipa namba. Kijana alinitumia picha kumi na moja kwa WhatsApp, mbili zina kidole chake. Nilizichapisha zote, hata za kidole.