Wazamiaji Pemba Wakumbushwa Kupima Uzito wa Vifaa
Miamba ya matumbawe ya magharibi mwa Pemba, hususan karibu na Kisiwa cha Misali, huteremka ghafla kuelekea kina kirefu cha Mkondo wa Pemba. Mzamiaji aliyebeba uzito kupita kiasi hana sakafu ya karibu ya kumzuia.

Bamba la mgongoni hushikilia mtungi. Mfuko wa hewa unaokaa kati yao humwinua mzamiaji. Bamba la chuma cha pua huwa na takriban kilo 2 hadi 3, la alumini takriban kilo 1. Uzito huo uhesabiwe pamoja na vizito vya kiunoni, kwani bamba halitupwi majini wakati wa dharura. Mfuko nao uweze kuinua mzigo wote mtungi ukiwa umejaa.

Mikanda ya mabegani ipitishe kiganja kwa urahisi, na bizimu ya kiunoni ifunguke kwa mkono mmoja.

Mwishoni mwa mzamo, mtungi ukibakiwa na takriban bar 50, mzamiaji atulie kwenye kina cha mita 5, mfuko ukiwa mtupu. Akizama, apunguze vizito, akielea, aongeze. Jaribio hili lifanyike penye sakafu ya karibu, kabla ya kuelekea kwenye miteremko.