Anwani ya Kuazima

Chukulia chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu Nkubu na makarani ishirini waliotawanyika Igoji, Mitunguu, Kanyakine na Kionyo. Kila jioni hesabu za siku lazima zifike ofisi kuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waya wa simu ndio uliokuwepo. Shirika la ARCC lilikuwa limeleta intaneti Nairobi mwaka 1995, mtandao wa Jambonet ukaanza 1998, lakini kupiga simu Nairobi kutoka Imenti Kusini ilikuwa simu ya mbali, na dakika zilihesabiwa. Chama kilichotaka kubana matumizi kingeweza kujiwekea seva yake ya modemu pale pale Nkubu: kompyuta moja yenye Linux, modemu mbili na laini mbili za simu.

Sasa, makarani ishirini wanahitaji anwani ngapi za mtandao? Mbili tu, kwa kuwa laini ni mbili.

Kila mashine iliyo mtandaoni lazima iwe na anwani isiyogongana na ya mwenzake. Fundi mwenye haraka humwandikia kila karani anwani ya kudumu, na hapo ndipo matatizo huanza. Niliwahi kuikuta ofisi ambayo mipangilio ya kompyuta moja ilikuwa imenakiliwa kwenye nyingine zote. Wawili wakipiga simu wakati mmoja, majibu ya huyu yalikwenda kwa yule. Siku mbili nzima tulilaumu waya wa simu bure.

Dawa ni kuifunga anwani kwenye laini badala ya mtu. Modemu ya kwanza inapewa 192.168.10.101, ya pili 192.168.10.102. Ni kama kiti cha matatu ya Nkubu kwenda Meru: kiti ni cha gari, abiria hukikalia mpaka ashuke.

Namna karani anavyopewa anwani hiyo bado inanifurahisha. Itifaki iitwayo PPP haina haja ya ombi refu. Kompyuta ya karani inajitambulisha kwa anwani 0.0.0.0, yaani sina kitu. Seva inakataa, na katika kukataa kwake inapendekeza 192.168.10.101. Karani anarudi na anwani hiyo hiyo, safari hii seva inakubali, na kazi inaanza. Nenosiri huwa limeshakaguliwa kabla ya hapo, na ni vizuri, kwa maana mgeni asiyejulikana hafai hata kuazimwa anwani. Simu uliyo nayo mkononi leo nayo huazimwa anwani ikiwasha data, kisha huirudisha.

Upande wa kupokea simu, usiiache modemu ijibu yenyewe. Iweke S0=0, na uiachie programu ya mgetty kazi hiyo. Simu ikiita, modemu inaiandikia kompyuta neno RING, mgetty inaliona, kisha inaiamuru modemu ipokee. Faida yake utaiona siku kompyuta imezimika na modemu bado ina umeme: simu italia tu bila kupokewa, na karani wa Mitunguu hatalipia dakika za kusikiliza mluzi.

Kuhusu kasi, usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Modemu za V.90 za mwaka 1998 ziliahidi kilobiti 56 kwa sekunde, lakini hilo lilihitaji upande wa seva uunganishwe na simu kidijitali. Waya wa kawaida pande zote mbili haupiti 33.6. Kwa hesabu za chama, inatosha.

Kazi ngumu ni kuidai anwani irudi. Mvua inanyesha Kionyo, laini inakatika katikati ya hesabu, na seva haijui kwamba karani ameshaondoka. Laini imeshikwa na anwani imeshikwa. Kwanza hakikisha modemu imewekwa AT&C1, ili pini namba 1 ya plagi ya pini tisa izime mawimbi ya upande wa pili yakipotea. Ikiwekwa &C0, pini hiyo hubaki imewaka na seva inaendelea kuhudumia hewa. Pili, iamuru pppd, programu inayoendesha PPP kwenye seva, imwite karani kila sekunde 30, na akinyamaza mara nne mfululizo ikate. Dakika mbili zikipita, anwani ni huru, mgetty inasubiri tena, na karani wa Kionyo anaweza kupiga upya.