Moshi Hausemi Nani Aliyewasha

Wasomaji, tuna desturi ya kusema, "Pafukapo moshi pana moto." Maneno hayo ni ya kweli, lakini wengi huyapa kazi isiyo yao. Moshi hutujulisha ya kuwa pana moto. Hautujulishi nani aliyeuwasha, wala umeteketeza nini. Hayo hujulikana baadaye, tena kwa kuuliza.

Mnamo Oktoba 2020 moto ulizuka katika mlima wetu wa Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, katika njia ya Marangu. Usiku ulionekana hata kutoka Moshi mjini. Watu mamia walipanda kuuzima, na miongoni mwao wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Shirika la Hifadhi za Taifa lilisema ya kuwa, kwa habari za mwanzo, ulianza kwa bahati mbaya, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Yafaa tuangalie namna ya kusema huko: walitaja walichokwisha kupata, wakaonyesha ya kuwa ni mwanzo tu.

Vijijini habari haiendi hivyo. Mtu wa kwanza husema, "Nimeona moshi upande wa msitu." Wa pili husema, "Msitu unaungua." Wa tatu husema, "Msitu umechomwa." Wa nne hutaja jina. Walimu watatambua ya kuwa "umeungua" na "umechomwa" si neno moja. La pili lina mtu ndani yake, na mtu huyo ametiwa na msemaji, hakuonekana na yeyote. Mara nyingi wa kwanza kushukiwa ni mrina asali, kwa sababu hutumia moshi kufukuza nyuki. Huenda siku moja ikawa kweli. Lakini akitajwa leo sokoni Kwa Sadala, na kesho ikajulikana hakuwako, nani atakayezunguka nyumba kwa nyumba kulirudisha jina lake?

Kukataa upesi nako ni kosa lile lile. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake, alijibiwa ni "baridi". Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima huu, alizikanusha. Aliona haiwezekani theluji kuwako karibu na ikweta. Ubishi ukaendelea zaidi ya miaka 10, hata mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten wakapanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley alikuwa na elimu nyingi. Alichokosa ni subira ya kungoja aliyekwenda na kurudi.

Basi habari ikija ghafula, iwe kwa mdomo au kwa simu ya mkononi, na tuulize mambo matatu. Kwanza, msemaji ameona kwa macho yake, au amesikia? Pili, katika maneno yake, lipi ameliona na lipi analidhani? Tatu, yuko mwingine aliyeona mwenyewe, asiyeambiwa na yule wa kwanza? Watu 10 waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu.

Wengine watasema, "Tukingoja, msitu utateketea." La, hatusemi mkae kitako. Moshi ukionekana, pigeni mbiu, chukueni majembe na mapanga, mwende. Kuzima moto kwahitaji moshi tu; kumshtaki mtu kwahitaji shahidi. Kazi hizi mbili zisichanganywe.

Tena mzee wa kijiji au mwalimu akiulizwa habari asiyoijua, asione haya kujibu, "Bado sijui, tunaulizia." Jibu hilo halimpunguzii heshima. Kesho atakaposema, "Sasa najua," watu watamsadiki.