Chumvi Inayonasa Gesi na Kuiachia

Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku 5. Makadirio ya awali yalitaja vifo 4,000. Ya baadaye yakafika takribani 12,000. Miongoni mwa vilivyoua ni dioksidi ya salfa, gesi inayoyeyuka papo hapo kwenye unyevu wa koo na mapafu na kugeuka asidi. Kwa mwenye pumu, dakika chache zinatosha kumbana kifua. Kupenda maji huko ndiko kunakoturahisishia kuinasa ndani ya bomba la moshi, ila kuinasa ni nusu tu ya kazi. Kituo cha umeme cha Battersea, jijini humo humo, kilikuwa kikiosha moshi wake kwa maji ya mto Thames tangu miaka ya 1930, kisha maji hayo yakarudi mtoni na salfa yake. Uchafu ulihama tu. Ndiyo maana naona mtambo wa kuosha moshi upimwe pia kwa uwezo wake wa kuiachia gesi pale tunapotaka sisi.

Hapo magnesi ina sifa ya pekee. Oksidi yake ikichanganywa na maji hunasa gesi na kuwa salfaiti ya magnesi, unga mweupe usioyeyuka sana. Gesi ikizidi, salfaiti hiyo huidaka nayo, ikawa baisalfaiti, ambayo huyeyuka kwa wingi na kupotelea majini. Mmumunyo ukichemshwa, gesi hutoka na unga hutuama tena. Msawazo huu huongozwa na pH, yaani kipimo cha uasidi: karibu na 7.2 salfaiti na baisalfaiti hulingana. Ikishuka kwenye 5, karibu yote ni baisalfaiti na hamu ya kunasa imepungua. Ikipanda mno, mashapo huanza kuganda kwenye mabomba. Fundi anayelinda kipimo hicho ndiye anayelinda mapafu ya majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo cha Mystic karibu na Boston, Marekani, kilijaribu njia hii: unga ulikaushwa, ukachomwa tanurini, oksidi ikarudi kazini na gesi ikatumika kutengenezea asidi ya salfa. Zilitarajiwa chembe kubwa za salfaiti zenye molekuli 6 za maji, zikajitokeza ndogo zenye 3, nazo zikasumbua ukaushaji.

Wapo wanaosema kunasa gesi kwa mawe ya chokaa ni rahisi zaidi, na jasi inayobaki hupata wanunuzi. Ni kweli, na penye machimbo jirani na soko la jasi sina ubishi. Pasipo na soko, jasi hubaki kilima kinachotafuta uwanja. Pingamizi zito zaidi ni oksijeni: hugeuza sehemu ya salfaiti kuwa salfeti, inayoyeyuka sana na isiyoachia gesi kirahisi. Dawa yake ni kutia kaboni kidogo tanurini, na gharama ya moto huo lazima iingie kwenye hesabu.