Waumini wa Kale wa Urusi na Safari Yao Ndefu

Robo tatu hivi ya wananchi wa Urusi wanaishi magharibi ya milima ya Ural, kwenye ardhi inayolimika na miji yenye kazi. Waumini wa Kale, Wakristo wa Urusi walioshikilia ibada ya zamani, wametawanyika kwa hesabu nyingine kabisa. Utawakuta kwenye delta ya mto Danube huko Romania, kando ya ziwa Peipus nchini Estonia wakilima vitunguu, mashambani Brazil na Bolivia, hata Alaska.

Chanzo ni ibada. Katikati ya karne ya 17, Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa la Urusi, alisahihisha vitabu vya sala na kuamuru ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu, si viwili. Asiyehusika ataona ni jambo dogo. Lakini kwa waliorithi vidole viwili kutoka kwa babu zao, kuongeza cha tatu kulikuwa kuikana imani. Kasisi Avvakum alikataa, akachomwa moto mwaka 1682. Baadaye Tsar Petro Mkuu akaleta kodi ya ndevu, na Waumini wa Kale ndevu hawanyoi. Wakahamia misituni, Siberia, milima ya Altai, kokote ambako mkono wa serikali ulichelewa kufika. Familia yao moja, ya Lykov, ilijificha msituni Siberia tangu miaka ya 1930 hadi wanajiolojia walipoigundua mwaka 1978.

Dini peke yake, nadhani, isingewatoa wote nchini. Wasovieti walipotaifisha mashamba na mifugo, wengi walivuka mpaka wakaingia China. Ukomunisti ukawafuata huko nako. Wakapitia Hong Kong hadi Brazil, na miaka ya 1960 baadhi wakafika Oregon, Marekani, karibu na mji wa Woodburn, wakakutana na wenzao waliotokea Uturuki. Mpaka leo hutambuana kwa njia waliyopita: wa Harbin na wa Xinjiang, huko China, na wa Uturuki.

Oregon kazi za mashambani zilikuwepo. Kilichowatia hofu wazee ni mji kuwa jirani mno na vijana wao. Mwaka 1968 familia chache zikaanzisha kijiji cha Nikolaevsk, Alaska, na wanaume wakageuka wavuvi na waundaji wa boti. Kwa desturi yao mwanamke huvaa gauni refu, na akishaolewa hufunika nywele. Aliyebatizwa hufunga mshipi, awe mtoto au mzee. Krismasi ni tarehe 7 Januari. Mgeni hukirimiwa vizuri, ila katika nyumba zinazoshika sana desturi sahani yake huwa ya pembeni, haichanganywi na za familia. Wapo wanaoudhika, mimi naona afadhali kanuni iliyo wazi kuliko tabasamu la uongo.

Kwa vizazi vingi wengi wao walisali bila kasisi, kwa kuwa hawakumtambua aliyewekwa na kanisa la Nikon. Miaka ya 1980 sehemu ya Nikolaevsk ikapata kasisi kupitia Waumini wa Kale wa Romania. Kijiji kikagawanyika, na waliomkataa wakafungasha tena, wakaenda kuishi mbali zaidi, kuelekea mwisho wa ghuba ya Kachemak, huko huko Alaska.