Njia Ndiyo Ipangayo Mwendo

«Dereva, kaza mwendo! Jua linakuchwa!» Nani kati yetu hajayasikia maneno hayo juu ya kamyo? Mwenye vitunguu aogopa soko litafungwa, mama atamani kufika kwa watoto wake, vijana wacheka. Naye dereva, asiitwe mwoga, akanyaga mafuta. Je, amemsikiliza aliye bwana wa mwendo, yaani njia yenyewe?

Wasomaji wapenzi, tufanye hesabu kidogo. Motokari iendayo kilometa 40 kwa saa hupita meta 11 kila sekunde. Mtoto akitokea njiani, dereva hupoteza sekunde moja hivi kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Kisha, juu ya lami kavu, motokari yataka meta 9 nyingine ili isimame. Jumla ni meta 20. Sasa tuuzidishe mwendo mara mbili: kilometa 80. Je, itasimama katika meta 40? La! Itahitaji karibu meta 57, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya breki huzidi mara nne. Na mvua ikinyesha, masafa hayo ya breki yaweza kuongezeka tena mara mbili.

Kwa hiyo kanuni ni hii: usiende kwa mwendo usiokuwezesha kusimama ndani ya sehemu ya njia uionayo wazi mbele yako. Kona ikificha njia, punguza kabla ya kuiingia, si katikati yake. Vumbi la motokari iliyotangulia likikufunika macho, kaa mbali nayo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya hila kuliko zote: vumbi na mafuta yaliyomwagika hugeuka utelezi. Na changarawe iliyolegea huviringika chini ya magurudumu, hata breki nzuri haina pa kushika.

Tuitazame njia ya Bukavu kwenda Uvira. Ziwa Kivu li katika kimo cha meta 1460, Tanganyika karibu meta 770. Baina ya Nyangezi na Kamanyola njia hushuka kwa kona nyingi katika milima ya Ngomo. Mahali kama hapo dereva mwenye akili huingiza vitesi ndogo tangu juu, ili mashini yenyewe izuie mzigo. Yule akanyagaye breki mfululizo huzichoma, na zikiisha kupata moto mno hazishiki tena. Naye azimaye mashini ili aponye mafuta, auza roho za watu kwa bei ya lita moja.

Na faida ya haraka ni nini? Katika kilometa 10 za kona, aendaye 60 badala ya 40 hupata dakika tano tu. Dakika tano! Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na elfu 190 walikufa njiani ulimwenguni.

Basi, nasi abiria tujihoji. Mara nyingi mguu ni wa dereva, lakini sauti iliyousukuma ni yetu. Siku nyingine, akipunguza mwendo mbele ya kona, tusimzomee, tumwambie: «Asante, baba, twende hivyo hivyo.» Mwenda pole hajikwai, na wanaotungoja nyumbani hawahesabu dakika: wanatuhesabu sisi.